Tofauti ya milioni nane ndani ya gari dogo ni nini hasa?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Kihonda, Morogoro. Nimefanya kazi miaka 27, na 14 ya mwisho nilikuwa chumba cha dharura. Majeruhi wengi wa barabara kuu ya Iringa na ile ya Dodoma wamepita mikononi mwangu. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulipanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kununua gari, na niliyoyaona huko yamenikaa rohoni mpaka leo.

Gari tulilolifuata ni dogo, injini ya cc 1,200, jipya kabisa, kilomita sifuri. Miaka 11 tumetembelea Toyota IST iliyokuja ikiwa imeshatumika Japani, na kwa kweli imetufaa. Lakini mume wangu alisema safari hii anataka gari ambalo hakuna mtu aliyeliendesha kabla yetu, tuzeeke nalo. Mafao yangu ya mkupuo, akiba yake ya SACCOS na kiwanja tulichouza kule Mkundi vilitufikisha kama milioni 47, bima ikiwemo.

Kijana aliyetupokea alikuwa mpole na mwenye adabu. "Shikamooni, karibuni wazazi." Akatupeleka penye magari mawili ya rangi moja yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu. La kwanza milioni 41, la pili milioni 49. "Hili la kawaida, hili fulopsheni," akasema, yaani lenye kila kitu, akaanza kutuzungusha. Kioo cha kugusa kwenye dashibodi, unaunganisha na simu. Spoti rimu. Kitufe cha kuwashia, huhitaji kuchomeka funguo. Kiyoyozi kinachojirekebisha chenyewe. Kamera ya kurudi nyuma. Usukani wa ngozi, ambao mume wangu aliushika kwa muda mrefu kidogo. Maelezo hayo yalichukua dakika 20.

Nikamuuliza, mwanangu, mifuko ya hewa ni mingapi? "Yote yana eabegi, mama." Nikamwomba anitajie idadi. Akaenda ofisini, akarudi: la kawaida 2, fulopsheni 6. Nikauliza kuhusu mfumo unaozuia gari kuteleza. Akasema yote yana ABS. Nikamwambia ABS naijua, nauliza ule mwingine. Akaenda tena, na safari hii akarudi na kijitabu cha Kiingereza chenye picha nzuri. Ukurasa wa mwisho kulikuwa na jedwali la maandishi madogo kiasi kwamba mume wangu ilibidi avue miwani yake anipe mimi. Humo ndimo tulimokuta herufi tatu: ESP. Kwenye safu ya gari la kawaida palikuwa na kistari, maana yake haipo. Kwenye fulopsheni palikuwa na nukta.

Na katikati ya safu hizo mbili palikuwa na safu ya tatu ambayo hakuna aliyetutajia. Toleo la kati, milioni 44. ESP ipo. Mifuko ya hewa 2. Rimu za chuma. Redio ya kawaida. Nikamwonyesha kijana kwa kidole. "Hilo hatuliweki hapa, mama, wateja hawaliulizii. Ni la kuagiza, miezi mitatu."

Simlaumu. Alifundishwa kuuza kinachoonekana, na alikifahamu vizuri sana. Ninacholalamikia ni kwamba mteja ambaye hajafanya kazi hospitali wala gereji angetoka pale akiamini kuwa tofauti ya milioni nane ni redio na rimu. Angelipia kwa sababu ya redio, au angekataa kwa sababu ya redio, na katika hali zote mbili asingejua alichokinunua wala alichokiacha.

Naomba nieleze herufi hizo, maana watu wengi wanazichanganya. ABS huzuia magurudumu yasikabe unapokanyaga breki kwa nguvu, ili usukani uendelee kukutii. ESP inakwenda mbele zaidi. Ina vitambuzi vinavyolinganisha upande uliokata usukani na upande ambao gari lenyewe linaelekea. Vikipishana, inakamata breki ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini ili gari lirudi kwenye mstari, na inafanya hivyo kabla dereva hajatambua kwamba ameanza kuteleza. Suzuki huandika ESP, Toyota huandika VSC, wengine ESC. Kazi ni ile ile. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha kila gari jipya liwe nayo tangu Novemba 2014. Huku kwetu bado ni bidhaa ya safu ya pili na ya tatu.

Anayepita hifadhi ya Mikumi wakati wa masika atanielewa. Ni kama kilomita 50 za lami katikati ya wanyama. Ngiri anakatiza, dereva anakata usukani kulia, anaurudisha kushoto kwa hofu, lami imelowa, gari dogo jepesi linaanza kuzunguka. Nimewapokea watu wa ajali za namna hiyo. Mara nyingi hawakugongana na mtu yeyote. Gari lilipinduka peke yake.

Kuhusu mifuko ya hewa, nitasema ninachokijua kwa macho na mikono yangu. Abiria wa mbele asiyefunga mkanda hugonga dashibodi kwa magoti na mfupa wa paja huchomoka kwenye nyonga. Huletwa mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake na umegeukia ndani, na sisi tunajua hata kabla ya kupigwa picha. Mkanda huokoa hapo, na mfuko wa hewa husaidiana na mkanda kuokoa kifua na uso. Hayo ni ya mbele, na mifuko miwili inahusika nayo.

Ubavuni ni habari nyingine. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia, kwa hiyo dereva aliyegongwa mlangoni mwake hupigwa ubavu wa kulia, liliko ini. Abiria wake wa mbele hupigwa wa kushoto, uliko wengu. Viungo hivi viwili huvuja damu kwa ndani. Mgonjwa anaweza kufika akiongea, anakueleza anakotoka, anaomba maji ya kunywa, na baada ya nusu saa presha imeshuka na mnakimbizana kutafuta damu. Mbele ya dereva kuna injini na bonneti vya kupokea kishindo. Ubavuni kuna bati, kioo na nafasi ya kiganja cha mkono. Mfuko wa pembeni ndio unaojaza nafasi hiyo, na pazia linaloshuka kutoka juu ya dirisha ndilo linalokinga kichwa. Ile mifuko minne inayozidi kwenye fulopsheni ndiyo hiyo.

Wapo watakaosema gari dogo ni gari dogo, likigongwa limegongwa. Si kweli, na ushahidi upo. Mwaka 2014 shirika la Global NCAP lilijaribu magari madogo yaliyokuwa yakiuzwa India kwa kuyagongesha kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Volkswagen Polo ya bei ya chini, isiyo na mfuko wa hewa hata mmoja, ilipata nyota sifuri kati ya tano kwa usalama wa watu wazima, ingawa bodi yake ilibaki imara. Polo ile ile yenye mifuko miwili ya mbele ilipata nyota nne. Kiwanda kikaliondoa sokoni toleo lisilo na mifuko. Watu wa India walipaza sauti, sheria yao ikabadilika, na leo gari jipya la abiria haliuzwi kule bila mifuko miwili ya mbele. Jambo hili linatuhusu, kwa sababu magari madogo mapya mengi yanayouzwa Afrika yanatoka India. Hata Toyota Starlet iliyoingia soko la Afrika mwaka 2020 hutengenezwa huko na Suzuki.

Sasa narudi kwenye fulopsheni yetu, maana si kila kilichomo kina thamani ya fedha yake. Chukua hizo spoti rimu. Gari la kati lilikuwa na tairi 165/80 R14, fulopsheni 195/55 R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita; ya katikati ni asilimia: urefu wa ukuta wa tairi ukilinganishwa na upana huo. Ukikokotoa, tairi la gari la kati lina ukuta wa milimita 132, la fulopsheni 107. Hizo ni sentimita mbili na nusu zaidi za mpira na upepo kati ya rimu na shimo la barabarani. Rimu ya chuma ikipinda, fundi wa mtaani anainyoosha kwa nyundo. Ya aloi, yaani hiyo spoti rimu, ikipata ufa, unanunua nyingine. Kwa sisi tunaokwenda shambani Mvomero kwa barabara ya vumbi, rimu za chuma ndizo bora, na ningezichagua hata kama bei zingelingana.

Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, hivyo kioo cha kugusa utakilipia kila mwaka unapokata bima.

Shemeji yangu, ambaye ni dalali wa magari pale mjini, alitushauri tuchukue fulopsheni kwa sababu "inauzika haraka." Nilimjibu kwamba hatununui gari ili tuliuze. Akacheka, lakini baadaye akakubali jambo moja: wateja wake huuliza injini, tairi na kadi ya gari; hajawahi kuulizwa ESP na mtu yeyote. Nilisikitika kusikia hivyo.

Tulikaa kwenye benchi nje ya duka karibu saa nzima. Mume wangu alitaka lile la milioni 41, kwa hoja kwamba milioni tatu ni mabati ya banda la kuku na bado chenji inabaki. Nikamweleza habari za Mikumi, ambazo nyumbani huwa sizisemi. Hakujibu kitu. Akasimama, akaingia ndani, akamwambia yule kijana tunaagiza la kati, tutasubiri.

Fulopsheni ilituzidi uwezo, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Ile mifuko ya pembeni niliitaka. Ningeilipia milioni moja, hata mbili, nikajibana kwingine. Lakini haiuzwi peke yake. Imefungwa mzigo mmoja na usukani wa ngozi, rimu za aloi na kitufe cha kuwashia, na mzigo mzima ni milioni tano juu ya gari la kati. Mama mwenye watoto watatu anayejibana kununua gari dogo halazimiki kuhitaji usukani wa ngozi, ila anahitaji ubavu wa mtoto wake ukingwe. Nani aliamua kwamba vitu hivyo viwili viende pamoja? Naomba watengenezaji na wawakilishi wao hapa nchini walifikirie hili. Waache mapambo yawe ya hiari, na kinga ianzie kwenye gari la bei ya chini kabisa.

Wakati tukisubiri hilo, nadhani Shirika la Viwango lingeweza kuagiza kila gari jipya linaloonyeshwa dukani libandikwe kwenye kioo karatasi moja ya Kiswahili, kwa maandishi makubwa: mifuko ya hewa mingapi na iko wapi, ABS ipo au haipo, mfumo wa kuzuia mtelezo upo au haupo, mikanda ya nyuma mingapi ni ya kupita begani. Dawa tunazompa mgonjwa zina karatasi ya maelezo. Nanyi gazetini, ndugu Mhariri, ukurasa wenu wa magari huandika bei, cc na ulaji wa mafuta. Ongezeni mstari mmoja tu wa hayo niliyoyataja. Mtawasaidia watu wengi ambao hawatapata nafasi ya kumtuma kijana ofisini mara mbili.

Kwa yeyote anayekwenda dukani wiki hii: tazama ubavu wa kiti cha mbele na nguzo za mlango, mfuko wa hewa ukiwepo pataandikwa SRS AIRBAG. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa yenye picha ya gari na michirizi ya kupinda nyuma yake itawaka kisha kuzima, na hiyo ndiyo ESP. Isipowaka kabisa, uliza. Na ukiambiwa ipo, iandikwe.

Sisi tulifanya hivyo. Profoma ya kwanza ilisema rangi, ukubwa wa injini na bei tu. Niliirudisha, nikamwomba kijana aongeze kwa mkono wake maneno "ESP ipo" na agonge muhuri wa duka juu yake. Aliandika. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama gari la dada yake, alilomuuzia yeye mwenyewe mwaka jana, linayo. Tukafungua kile kijitabu tukatafuta pamoja. Palikuwa na kistari.

Muuguzi mstaafu,
Kihonda, Morogoro.