Mhariri, huyu mgonjwa hajulikani kwa macho

Mhariri, salaam.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya wagonjwa wa akili, ile mliyoiwekea picha ya mtu amekaa jalalani. Mwandishi wenu anatuambia mgonjwa wa akili unamjua ukimwona tu, haogi, anaongea peke yake, anaokota makopo, basi imeisha hiyo. Mimi mdogo wangu wa kike ana ugonjwa unaitwa skizoafektivu na ana genge lake, ukienda atakupimia nyanya na chenji yako utapewa kamili, wala hutajua kitu.

Najua wengi hata jina hawajawahi kulisikia. Ni ugonjwa unaobeba mizigo miwili kwa mpigo. Kuna mambo ya skizofrenia, yaani kusikia sauti ambazo wengine hamzisikii, kushikilia jambo ambalo halipo hata umletee mashahidi wa mtaa mzima, maneno kurukaruka mpaka humfuati tena. Halafu kuna mambo ya hisia kupanda na kushuka. Akipanda halali, anaongea mpaka nyie ndo mnachoka, mipango mikubwa, mdogo wangu alishawahi kukopa sufuria za jumla za kufungulia hoteli wakati hata chumba cha hoteli hana. Akishuka haamki, hali, anakwambia bora asingezaliwa. Wengine wanapata yote mawili, wengine ni kushuka tu, na hao wa kushuka tu wengi ni wanawake. Inakadiriwa ni watu kama 3 kwa kila 1,000 na mara nyingi unaanza mtu bado kijana. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1933 na daktari wa Marekani, Jacob Kasanin, alikuwa na wagonjwa 9 ambao hawakukaa sawa upande huu wala ule, na wataalamu mpaka leo wanabishana kama ni ugonjwa unaojitegemea au la.

Sasa hapa ndo mwandishi wenu alipotuangusha. Mtu wa baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, akipanda sana nae anaweza kusikia sauti, na mtu wa skizofrenia anaweza kupata sonona, yaani huko kushuka, kwahiyo ukimwangalia siku moja hata uwe daktari mzuri vipi unaweza usijue ni ipi. Kinachotenganisha ni mda. Kigezo cha madaktari wa akili wa Marekani kinauliza, je kuna wakati sauti au zile imani zilikaa wiki 2 au zaidi huku hisia zimetulia, hajapanda hajashuka? Na je, ukichukua kipindi chote cha ugonjwa, kupanda na kushuka kumechukua sehemu kubwa? Na iwe sio bangi, sio pombe, sio ugonjwa mwingine wa mwili.

Kwa mdogo wangu hiyo ya kwanza tuliiona nyumbani, hospitali wasingeiona. Alikuwa ametulia kabisa, analala vizuri, anakula, anatania watoto, ila akikaa kuchambua mchele anajibu mtu taratibu, kwa sauti ya chini kama anaongea na jirani, "sawa nimesikia", "sio mimi lakini", mikono inaendelea na mchele. Na masikioni kaweka pamba. Ukimuuliza anasema wanamsema kutokea darini, na anakwambia kawaida kabisa bila hasira wala machozi. Kabla ya hapo alishaambiwa baipola, sehemu nyingine wakasema sonona, sehemu nyingine skizofrenia, na siwalaumu sana kwasababu kila mmoja aliandika alichokikuta siku hiyo, foleni nje ndefu, dakika chache unaitwa mwingine. Kilichosaidia ni daftari. Mama alikuwa anaandika tarehe, leo hajalala, leo kalala mchana kutwa, leo katulia ila anajibu sauti. Daktari aliyelisoma lile daftari ndo alibadilisha dawa.

Na msidhani jina halina maana. Ukimpa mtu mwenye tabia ya kupanda dawa ya sonona peke yake unaweza ukamrusha juu zaidi. Wengi wanahitaji ya kutuliza sauti pamoja na ya kushikilia hisia, na baadhi ya hizi, kama lithiamu, lazima damu ipimwe mara kwa mara.

Halafu hili la kusema wanaacha dawa kwa uzembe liliniuma. Wengi hawajioni kama wanaumwa, na huo sio ubishi, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, ndo maana wengine wanachoma sindano ya mwezi. Na dawa zina adha zake jamani, shingo inakakamaa, mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinamwagika mbele ya wageni, mwili unanenepa, msichana wa watu anacheka na nyie huku nguo zote hazimtoshi. Hapo bado mtaa, mwanaume akiugua wanasema kavuta bangi, mwanamke wanasema jini mahaba, na huko kote hela inaliwa kwanza kabla ya kufika kliniki.

Mmeandika pia kwamba ni watu hatari. Anayekuwa hatarini mara nyingi ni yeye mwenyewe, inakadiriwa kama 5 kati ya wagonjwa 100 wanaishia kujiua, hasa kipindi cha kushuka. Akianza kusema bora asingezaliwa msimwache peke yake na msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hilo mngeliandika lingesaidia kuliko picha ya jalala.

Ombi langu ni moja, mkiandika tena tafuteni daktari wa akili, hospitali ya Muhimbili wapo, ya Mirembe wapo, na muongee na mgonjwa mwenyewe akiwa ametulia. Mdogo wangu nimemuuliza kasema yuko tayari, picha hataki, na mwandishi asije siku ya gulio maana ana kazi.

Dada wa mgonjwa,
Morogoro