Stenlesi isipimwe pamoja na bati

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita, hapa mtaani Gerezani, nilimkuta kijana wa mkokoteni na sinki mbili kubwa za hotelini, zimebonyea pembeni tu. Alikuwa akizipeleka kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu pamoja na mabati yaliyooza na rimu za baiskeli. Nikachukua sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaibandika kwenye sinki. Ikateleza, ikaanguka chini.

"Fundi, kumbe si chuma?"

Ni chuma cha stenlesi, kisichoshika kutu, tena kina thamani kuliko vyote alivyobeba. Ila mwenye mizani angemlipa bei ileile ya bati.

Stenlesi ya sinki ina kromu karibu asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Kromu ndiyo inayozuia kutu. Ukiitupa kwenye tanuri la nondo, sehemu ya kromu huungua ikatoka na mavi ya chuma, yaani takataka zinazoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, na nikeli huishia ndani ya nondo isiyoihitaji. Ikikusanywa peke yake, viwanda vya stenlesi huiyeyusha kwa umeme, kisha hupuliza oksijeni na gesi ya argoni kuondoa kaboni huku kromu ikibaki. Inatoka shiti mpya, haina tofauti na ya mwanzo. (Argoni hiyohiyo tunayochomelea sisi mafundi.)

Stenlesi yenye nikeli kwa kawaida hainasi sumaku, ila najua sumaku hudanganya. Ipo stenlesi ya bei nafuu, haina nikeli, hiyo hunasa. Hata ile nzuri, ikikunjwa sana, kwenye kona huvuta kidogo. Ndiyo maana fundi huigusa na grenda: cheche za stenlesi ni chache na fupi, za chuma cha kawaida hutawanyika kama fataki. Kijana wa mkokoteni anajifunza hayo asubuhi moja.

Kwa hiyo naomba wenye mizani waandike bei mbili ubaoni, ya chuma na ya stenlesi. Na hoteli na hospitali zinazouza vifaa chakavu kwa mnada ziache kurundika vitanda, masufuria na matangi lundo moja kwa bei ya kutupa, halafu mwezi unaofuata wanakuja kwangu kuagiza meza mpya za shiti kutoka ng'ambo.

Zile sinki nilizinunua mimi. Moja nimeikata upande wa kuanikia vyombo, sasa ni trei ya kuchujia mafuta kwa muuza chipsi wa jirani. Ya pili bado ipo.

Fundi stenlesi,
Gerezani, Dar es Salaam