Mwanangu, kabla hujachagua kamera chagua lenzi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata na ile orodha yako ya kamera nimeisoma yote mpaka chini. Umejitahidi sana, megapikseli umeandika, video ya 4K umeandika, uzito wa bodi (kamera yenyewe bila lenzi) mpaka gramu zake umeandika, ila lenzi hujaandika hata moja. Nikaona hapa simu haitoshi, nikianza kukueleza kwa mdomo baba yako ataingilia na habari za simu yake yenye kamera tatu mgongoni tutaishia kucheka tu, bora nikuandikie usome ukiwa umetulia.

Kamera ya kubadilisha lenzi ni kama kuoa mwanangu, unadhani umechukua mtu mmoja kumbe mashemeji wote wamehamia kwako. Ukitoa lenzi kwenye bodi yoyote utaona pete ya chuma pale mbele, hiyo ndio maunti, na karibu kila kampuni ina yake, lenzi ya Canon haiingii kwenye Sony na ya Sony haiingii kwenye Nikon hata ulazimishe. Sasa bodi ni elektroniki tu, baada ya miaka michache inatoka nyingine yenye akili zaidi nawe unaitamani, lakini lenzi nzuri unakaa nayo miaka na miaka, kwa hiyo leo unachochagua hasa ni ile pete. Nikon maunti yao ya F waliianza 1959 na DSLR zao zote (zile kamera za dijitali zenye kioo ndani kinachoruka ukipiga picha) zimetumia hiyohiyo. Canon wao mwaka 1987 waliamua kuachana na maunti ya zamani ya FD wakaja na EF, lenzi ambazo watu walikuwa nazo hazikukaa tena kwenye bodi mpya, fikiria hasira zao. Ila kuna kitu Canon walifanya mwaka huo ambacho kinakuhusu wewe sasa hivi, ntakifikia.

Afu kuna maunti zinazokufa kabisa. Samsung walianza NX mwaka 2010, 2014 wakatoa NX1 kamera kali kwelikweli, halafu wakaacha biashara ya kamera, basi, imeishia hapo. Nikon walikuwa na Nikon 1 ya mwaka 2011, 2018 ikafungwa. Na Canon wenyewe walikuwa na EF-M kuanzia 2012, ile M50 uliyoiweka juu kwenye orodha yako kwa sababu unaipata kwa bei ya chini ni ya ukoo huo, na bei imeshuka kwa sababu hiyohiyo, Canon wamehamia maunti yao mpya ya RF tangu 2018 na lenzi ya RF haikai kwenye bodi ya EF-M. Sikatai inapiga picha nzuri, mtu anayejua atabaki na lenzi mbili maisha yake yote aichukue tu, ila wewe nakujua.

Megapikseli tusipoteze muda. Sensa, kile kipande ndani ya bodi kinachopokea mwanga, ikiwa ya megapikseli 24 inakupa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ukiprinti kwa nukta 300 kila inchi ni inchi 20 kwa 13, na sijawahi kukuona ukiprinti kitu kikubwa kuliko daftari. Kamera zote ulizoandika zinatosha. Video ya 4K yenyewe inataka kama megapikseli 8 tu.

Kinachotofautisha zaidi ni ukubwa wa sensa, na hapa naomba usome polepole. Fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya ile filamu ya zamani. APS-C ni ndogo, kama 23.5 kwa 15.6, ya Canon ni ndogo zaidi kidogo. Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13, yani eneo lake ni kama robo ya fulu fremu. Sensa ndogo inaona kipande cha katikati tu cha kile ambacho lenzi inaleta, ndio maana lenzi ya milimita 300 (milimita zikizidi inavuta vya mbali zaidi) kwenye Micro Four Thirds inakuletea kitu karibu kama vile 600 kwenye fulu fremu, kwenye APS-C ni kama 450, kwenye ya Canon 480. Kwa mtu wa ndege kama wewe hiyo ni faida ya bure. Hasara yake inakuja jua likizama, eneo dogo linakusanya mwanga kidogo kwa hiyo zile chenga chenga zinaonekana mapema zaidi. Watu wanabishana usiku kucha kuhusu hili kana kwamba kuna upande mmoja wenye haki, wakati inategemea tu unapiga nini na saa ngapi.

Na wewe unapiga nini? Umeniambia mawili, ndege, na watoto wa dada yako wakicheza ndani. Umechagua vitu viwili vigumu na kila kimoja kinataka lenzi yake kabisa. Ndege anataka urefu, milimita nyingi. Watoto ndani wanataka lenzi yenye tundu kubwa, na ile lenzi ndogo ya 18-55 inayokuja na kamera ukiivuta mpaka 55 inakuwa f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ukiweka 50mm ya f/1.8 badala yake unapata mwanga karibu mara 10. Mara 10 maana yake pale ambapo zumu ile inakupa 1/25 ya sekunde, na mtoto anayeruka kitandani kwa 1/25 ni ukungu mtupu, hii nyingine inakupa 1/250 na unaona mpaka meno yaliyong'oka. Sensa ileile, chumba kilekile, na 50 ya f/1.8 ndio lenzi ambayo karibu kila kampuni inaiuza kwa bei rahisi kabisa. Ndio nikashangaa orodha nzima haina lenzi!

Sasa najua unawaza kitu kingine hukusema, kwamba mama ana lenzi za Nikon kabatini kwa hiyo nichukue Nikon. Nimelifikiria hilo sana na jibu langu ni usifanye hivyo kwa ajili yangu. Lenzi zangu nyingi ni zile za AF-D, hazina mota ndani, bodi ndiyo inayozizungusha kwa kale kabisibisi kanakotokea kwenye pete. Ukinunua Nikon Z mpya, zile zisizo na kioo kinachoruka, na ile adapta ya FTZ ya kuwekea lenzi za F, adapta haina hako kabisibisi, lenzi zinakaa, picha zinapiga, lakini fokasi unazungusha kwa mkono. DSLR ndogo za D3000 na D5000 na wadogo zao nazo hazina mota, lazima upande kwenye D7000 na kuendelea. Kwa mtu anayepiga maua fokasi ya mkono sio shida, mimi naipenda hata, lakini kwa kozi anayeshuka kwa kasi utalia. Lenzi za AF-S zina mota yake na zinafanya kazi vizuri na FTZ, ila za aina hiyo ninayo moja tu na siitoi!

Ndio nirudi kwa Canon na mwaka ule 1987. Walipotengeneza EF waliweka mota ndani ya kila lenzi ya otofokasi, na bodi ikawa inaongea na lenzi kwa umeme peke yake, hakuna kishikizo cha chuma kinachosukuma kitu. Wakati ule walitukanwa. Leo hii unachukua bodi ya RF isiyo na kile kioo kinachoruka, unaweka adapta ambayo ndani haina kioo cha lenzi ni bomba lenye nyaya tu, na lenzi ya EF ya zamani inafokasi yenyewe, mara nyingi vizuri kuliko ilivyokuwa kwenye DSLR. Adapta inawezekana kwa sababu kwenye DSLR kulikuwa na kioo kinachoruka kwa hiyo lenzi ilikaa mbali na sensa, EF ni milimita 44, kwenye RF kioo hakipo ikawa 20, adapta inajaza zile 24 zilizobaki. Kinyume chake haiwezekani, lenzi ya RF kwenye DSLR ya zamani sahau. Na watu wanavyokimbilia kamera zisizo na kioo wanaziuza zile EF kila siku, lenzi nzima kabisa, kioo safi, zimekosa tu kuwa fasheni.

Kwa hiyo mimi mwenye Nikon nakuambia angalia Canon ya APS-C ya RF, R10 au R7, zote zilitoka 2022. R7 ina kitu cha kutuliza sensa ndani ya bodi mkono ukitetemeka, R10 haina, lakini R10 ni nyepesi na fokasi yake inamshika ndege jicho vizuri sana. Uweke adapta, na EF 50mm f/1.8 STM (STM ni aina ya mota yake) kwa ajili ya watoto, na kwa ndege kuna EF-S (EF za kamera za APS-C) 55-250 ya STM ya kuanzia, nyepesi haina makuu. Ukija kunogewa itafute EF 400mm f/5.6, lenzi ya miaka ya 90, haina zumu, haina kutuliza mtetemo, ina kilo moja na robo, na watu wa ndege wameibeba miaka yote hiyo. Kwenye APS-C ya Canon inaona kama 640. Kukosa kutuliza mtetemo sio kilio kikubwa, ndege anayeruka unampiga kwa 1/1000 au zaidi, kwa kasi hiyo mkono wako hauna neno.

Siyo kwamba Sony mbaya. Mwaka 2011 walifungua taarifa za maunti yao ya E kwa makampuni mengine, ndio maana Sigma, Tamron na wengine wamejaa huko, kwa mtu anayetaka lenzi mpya tu bila habari za adapta nadhani Sony ndio ina uchaguzi mpana kuliko wote. Canon RF walikuwa wabana, mpaka 2024 ndio Sigma na Tamron wakaruhusiwa kuleta lenzi zenye otofokasi za APS-C, afadhali. Fuji ni kamera nzuri kushika, vile vidude vya kuzungusha juu vinapendeza na rangi zake zinatoka tayari huhitaji kuediti, ila kwa ndege wako mimi singeianza.

Mshindani wa kweli kwako ni Micro Four Thirds na nisingependa uipuuze kwa sababu watu wanasema imepitwa. Olympus walijitoa ni kweli, tangu 2021 kamera zao zinatengenezwa na OM Digital Solutions, Panasonic bado wapo, na lenzi za kampuni moja zinaingia kwenye bodi ya mwenzake. Ile 75-300 ya Olympus ina gramu 423. Gramu mwanangu! Inafika sawa na 600, wakati Sony 200-600 inapita kilo 2 bila kamera. Wewe unayetembea mguu saa nzima msituni kutafuta ndege, uzito utaamua kama kamera inatoka nyumbani au inabaki. Ila watoto ndani jioni utakuwa na mwanga mdogo zaidi wa kuchezea, hapo ndio nimeegemea Canon. Ukiniambia ndege ni muhimu kuliko watoto, na dada yako asisikie, nabadilisha jibu.

Kabla hujalipa chochote shika zote mbili mkononi. Kidole kidogo kikining'inia hewani na hupendi, acha. Kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, ukikiweka jichoni na miwani yako unaona pembe zote nne? Menyu unaielewa bila kuuliza? Hivyo hakuna orodha itakuambia.

Ukinunua ya mtu, lenzi mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, iache hata akupunguzie nusu. Vumbi dogo ndani halina shida. Zungusha zumu na fokasi mpaka mwisho usikilize kama kuna mchanga. Bodi weka f/16, piga ukuta mweupe ukiwa umeharibu fokasi makusudi, afu kuza picha, madoa meusi yasiyohama ni uchafu juu ya sensa na unasafishika, mstari ni mkwaruzo na huo hautoki. Muulize shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga picha, imepigwa mara ngapi, asipojua au akijifanya hajui angalia raba na maandishi ya vitufe, kamera iliyofanya kazi sana inaonekana. Kwenye pete angalia vile vijino vya shaba visiwe vimepinda.

Memori kadi usichukue ya mtu, nunua mpya. Betri ya pili pia, hizi zisizo na kioo zinakula betri kwa sababu skrini au kitafutio kinawaka muda wote, na ndege hawasubiri ukachaji.

Mama yako