Kabla hamjakata tiketi za Kilwa

Moshi, 20 Aprili

Mwalimu Elinami,

Habari za Arusha na za nyumbani? Huku Moshi sote wazima, mvua tu ndiyo haitaki kutuacha.

Ratiba uliyonitumia nimeisoma. Kuondoka Arusha Ijumaa alfajiri, Jumamosi kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, Jumapili usiku mko nyumbani: hiyo haiwezekani, labda mkodi ndege. Kilwa siyo Mnara wa Azimio hapo kwenu, mtu anashuka kwenye daladala, anapiga picha, anaendelea na safari zake. Kutoka Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilometa 600, na Dar hadi Kilwa Masoko, mji wa nchi kavu mnakopandia boti ya kisiwani, ni 300 nyingine. Halafu kuna bahari katikati, na bahari ina saa zake. Tengeni siku 6, na mwanze na tarehe za maji kabla ya kugusa mambo ya basi.

Hili la maji ndilo watu wa bara tunalolidharau. Pwani ile maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na kupwa kwenyewe kunaangukia saa 4 asubuhi, wakati ule ule ambao mgeni anataka kuvuka. Chombo hakifiki ufukoni. Mtashushwa mbali, mtembee kwenye maji ya magotini na tope la mikoko huku mmebeba viatu mkononi, na matumbawe yanakata nyayo vibaya. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na maji yanakuwa yamejaa mnamo saa 4 asubuhi. Siku hizo ndizo zenu. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, tafuta tarehe 8 hadi 10 au 23 hadi 25 za mwezi mwandamo zitakazoangukia ndani ya likizo yenu ya Juni, na siku ya kuvuka muiweke hapo. Nahodha yeyote wa Masoko atakuthibitishia kwa simu, maana wao saa za maji wanazo kichwani.

Juni ni mwezi mzuri pia kwa sababu ya barabara. Msishawishike kwenda Aprili au Mei hata kama gesti ni rahisi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, na mabasi yakakwama. Ubaya wa Juni ni upepo wa kusi, ambao mchana unaongezeka nguvu. Mvuke asubuhi, na mrudi kabla alasiri haijaingia sana.

Sasa siku zenyewe. Ondokeni Arusha Jumamosi kwa basi la alfajiri, mtashuka Stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanalala Mbezi au Ubungo kwa sababu wamechoka, asubuhi wanahangaika na foleni ya kuvuka jiji, kwa sababu mabasi ya Kilwa wanayafuata Mbagala Rangi Tatu, upande wa pili kabisa. Jivuteni usiku huo huo hadi Mbagala mkalale huko. Jumapili pandeni basi la kwanza linalokwenda Masoko moja kwa moja. Mkilikosa, pandeni la Lindi au Mtwara mshuke Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa. Kutoka hapo kuna kama kilometa 30 hadi Masoko, na magari madogo yapo. Kubalianeni nauli ya Nangurukuru kabla ya kupakia mizigo, si mkiwa mmeshakaa. Njiani mtavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na mchana mtakuwa Masoko kwenye joto ambalo nyie wa Arusha mmelisahau.

Jumatatu saa 2 asubuhi muwe mlangoni kwa ofisi inayosimamia magofu, pale pale Masoko. Bila kibali msivuke. Magofu yako chini ya TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, na malipo ni kama ya serikali kokote: mnapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12, mnalipa kwa simu au benki, ndipo mnapata risiti. Kila mtu awe na kitambulisho cha NIDA chenyewe mkononi, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni havilingani hata kidogo. Mtandao unaweza kusumbua, na hiyo ndiyo sababu ya kufika mapema. Maji yakijaa saa 4, nusu saa ya kusubiri risiti ni nusu saa mnayoikata kwenye magofu. Chukueni mwongozaji hapo hapo ofisini. Kuhusu siku ya Ijumaa niliyoikwepa kwenye ratiba hii: Kilwa ni mji wa Waislamu, kuanzia saa 6 nahodha na mwongozaji wanakwenda kuswali, na ni haki yao.

Kwa watu 6 kodini boti ya injini. Dau la tanga lina raha yake, lakini upepo ukikataa, mwendo wa robo saa unageuka karibu saa nzima. Bei iwe ya kwenda, kusubiri na kurudi. Lipeni nusu kwanza, nusu mkishakanyaga gati ya Masoko tena. Ulizeni majaketi ya kujiokolea kabla ya kupanda, myahesabu, na mtu asiyeogelea alivae asilikalie.

Kisiwani kuna mambo mawili ambayo ramani haikuambii. La kwanza, magofu hayako pamoja. Mtashukia karibu na Gereza, ngome iliyo ufukoni. Wareno walijenga yao mwaka 1505 walipouteka mji, lakini kuta nyingi mnazoziona leo ni za Waomani. Misikiti iko hatua chache kutoka hapo. Husuni Kubwa iko mashariki, juu ya mwamba, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. La pili ni kwamba waongozaji wakiona wageni wamechoka huwa wanaiacha Husuni, nanyi mtarudi Arusha mkidhani mmeiona Kilwa. Mwambieni mapema kabisa kwamba mnaanzia Husuni jua likiwa halijakolea, kisha mrudi taratibu kwenye misikiti.

Husuni Kubwa ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa mwanzoni mwa karne ya 14, yule aliyempokea Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, mwaka 1331. Ina vyumba zaidi ya 100, birika la kuogelea la pembe nane, na ua mkubwa upande wa kusini unaodhaniwa kuwa wa biashara. Haikumalizika, na watu waliihama mapema. Fedha za kujenga kitu kama kile zilitoka kwenye dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, iliyokuwa inapita Kilwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimeokotwa hadi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Zilifikaje huko? Wanahistoria bado wanabishana, na wanafunzi wenu wangelipenda swali hilo kuliko tarehe za Wareno.

Mkiwa kwenye vyumba, pimeni upana wa chumba kimoja kwa hatua zenu. Mtakuta ni vyembamba, kama meta mbili na nusu au tatu, ila virefu. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hautoi boriti ndefu yenye nguvu kuzidi hapo, kwa hiyo fundi alipotaka nafasi aliongeza urefu. Ukishalijua hilo utaisoma nyumba yoyote ya mawe ya pwani. Angalieni na mawe yenyewe. Kuta zimejengwa kwa mawe makavu ya matumbawe ya nchi kavu, yana mashimo na makali. Kwenye mihrabu, kile kijisehemu ukutani kinachoonyesha kibla msikitini, na kwenye fremu za milango jiwe ni laini, lina vitundu vidogo kama sifongo: hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likachongwa lingali bichi, kwa sababu likishakauka linakuwa gumu. Chokaa pia ni matumbawe yaliyochomwa. Mvua ikiingia juu ya ukuta uliopoteza paa, chokaa hiyo inalainika na kutoka, mizizi inafuata. Ndiyo maana hakuna kupanda ukutani kupiga picha. Magofu haya yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawa kwenye orodha ya yaliyo hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mawimbi yanayokula ufuko ni sehemu ya sababu.

Msikiti Mkuu una sehemu mbili, msizichanganye. Ukumbi mdogo wa kaskazini ndio wa zamani, wa karne ya 11, na paa lake lilikuwa bapa. Sehemu kubwa ya kusini, yenye matao na kuba, iliongezwa baadaye. Ilianguka, ikajengwa upya karne ya 15. Simameni katikati ya matao asubuhi kabla kundi jingine halijafika. Karibu yake uko msikiti mdogo wa kuba, nao mimi naupenda kuliko ule mkubwa: inueni macho ndani, mtaona mahali ambapo bakuli za kauri zilipachikwa darini kama mapambo. Makutani, kasri la karne ya 18 ndani ya ukuta wenye minara, pitieni mkielekea kwenye boti. Kijiji kipo kisiwani na watu wanaishi, kwa hiyo akina dada wawe na khanga, kaka zetu wasivae bukta, na msipige picha ya mtu bila kumwomba.

Jumanne mkitaka, nendeni Songo Mnara, kusini zaidi, zaidi ya saa moja kwa boti. Ni mji wa karne ya 14 na 15 wenye nyumba nyingi zinazosomeka vizuri kuliko za Kisiwani. Kibali chake kiombeni Jumatatu pamoja na kile cha kwanza. Siku hiyo maji yatajaa saa 5 hivi. Ondokeni saa 3, na saa 7 na nusu muwe mmerudi chomboni, la sivyo mtakokota miguu kwenye tope. Mkichoka baharini, Kivinje inatosha: mji wa karne ya 19, boma la Wajerumani limeelekea bahari, na magari yapo kutoka Masoko. Jumatano rudini Dar, Alhamisi Arusha.

Vya kubeba ni vichache. Maji lita 2 kwa kila mtu, msitegemee kununua kisiwani. Viatu vya kufunga vya kutembelea, na kandambili nzito za kukanyagia maji. Kofia, mfuko wa plastiki wa simu na vitambulisho, chakula kikavu cha mchana. Gesti iwe na chandarua kisichotoboka, kikagueni kabla ya kulipa. Malaria ya pwani ya kusini haina mzaha na watu waliozoea baridi ya Meru. Fedha taslimu toeni Dar, kwa ajili ya boti na mwongozaji.

Ukishapata tarehe nitumie, pamoja na majina ya wanaokwenda na yupi hawezi kutembea mwendo mrefu, kwa sababu huyo boti inaweza kumpeleka hadi chini ya Husuni maji yakiwa yamejaa, ila nahodha aambiwe tangu jana yake. Wasalimie wote hapo nyumbani, na mama usimsahau.

Nduguyo,
Hamisi