Mfumo unaokumbuka malipo ukumbuke na kilo za mtoto

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako. Kila mtoto akipata shida wodini utasikia wauguzi wazembe, daktari alikuwa anachati, wengine wanataka watu wafukuzwe kabisa. Wazembe wapo sikatai. Ila nimefanya kazi wodi ya watoto huku Mbeya miaka mingi na naona tunamshambulia mtu wakati hana kitu cha kumkumbusha.

Chukua mtoto mwenye malaria kali katoka Kyela. Sindano ya artesuneti anachomwa akifika, halafu baada ya masaa 12, halafu masaa 24 tangu ile ya kwanza. Akiwa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, kuanzia kilo 20 ni 2.4, yani mdogo ndo anapata zaidi kwa kilo na wengi wanadhani ni kinyume. Sasa huyo mtoto kafika saa nne usiku, dozi ya pili inaangukia saa nne asubuhi katikati ya raundi, muuguzi aliyempokea keshatoka zamu, aliyeingia ana wodi nzima na vitanda vingine watoto wamelala wawili wawili, mizani imeazimwa wodi ya jirani, kilo zilizopo kwenye faili mtu alikadiria kwa macho. Hapo mzembe nani?

Na kompyuta ipo hapohapo mezani. Hospitali niliyofanya kazi mwisho, mfumo ulikuwa haukusogezi mbele mpaka malipo yaonekane, lakini sehemu ya kilo unairuka tu wala haukuulizi. Aliyeupanga hivyo alijua anachokitafuta.

Haya mambo ya kukumbushwa sio mapya. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Indianapolis kule Marekani, Clement McDonald, alichapisha utafiti wake: kompyuta ikiwapa madaktari mapendekezo walichukua hatua kwa asilimia 51 ya mambo yaliyotakiwa kushughulikiwa, bila mapendekezo asilimia 22. Na yeye alisema wazi shida ni kichwa cha binadamu kuzidiwa na taarifa, sio kwamba watu hawakusoma.

Tusiende mbali, hapahapa Mbeya na Morogoro vituo vya msingi 40 viliingia kwenye utafiti wa programu inayoitwa ePOCT+, nusu wakapewa vishikwambi vinavyomuongoza mhudumu hatua kwa hatua anapomuona mtoto. Walikopewa, watoto walioandikiwa antibayotiki walikuwa kama asilimia 23, kwingine asilimia 70, na hawakupona vibaya kuliko wenzao. Ila walipewa pia kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, kipimo cha damu cha CRP kinachosaidia kukisia kama ugonjwa ni wa bakteria, na watu wa kuwasimamia. Hilo wanaopenda kununua vishikwambi tu na kupiga picha za makabidhiano walisikie.

Kwa wodi mimi nisingeomba mengi. Kilo kwanza, dozi isiandikike bila kilo za leo. Pili, zamu zinapobadilishana kompyuta imtolee anayeingia orodha ya dozi za masaa yanayokuja, mtoto gani saa ngapi. Halafu siku ya kuruhusiwa iulize kadi ya kliniki, maana tunawaruhusu watoto wa miezi 18 ambao surua rubela ya pili hawajapata, na chumba cha chanjo kiko geti lilelile, mama anapanda zake Coaster kurudi Chunya na hatumuoni tena mpaka aumwe mwingine.

Zaidi ya hapo mtaharibu. Mfumo ukipiga kelele kwa kila kitu unakuwa kama kondakta wa Kabwe anayeita abiria huku gari limejaa, hakuna anayegeuka, watu watabonyeza sawa, sawa, sawa bila kusoma na siku ya kitu cha maana kitapita hivyohivyo. Ndo maana wanaopanga vikumbusho wakae na wauguzi wa zamu ya usiku, sio wakuu wa idara peke yao ambao sindano hawajashika siku nyingi.

Umeme najua mtaniuliza. Betri ya akiba ya kompyuta moja ya wodi ni hela ndogo kuliko posho za semina ya siku mbili, na orodha ya dozi ikichapwa kila zamu inaanza, hata umeme ukikatika saa nane usiku karatasi ipo mezani. Halmashauri zikikaa kwenye bajeti waanze na mizani, kila wodi iwe na yake.

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya