Naitrojeni ifike vijijini

Ndugu Mhariri,

Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC), Usa River mkoani Arusha, kinazalisha mbegu za madume bora ya ng'ombe kwa ajili ya uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija bila dume, lakini wafugaji wengi wa vijijini tunazisikia tu. Mbegu hizo hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukikauka, zimekufa.

Ng'ombe akionekana asubuhi ametulia anapandwa na wenzake, ute unaning'inia, yuko kwenye joto; anatakiwa ahimilishwe jioni ile ile. Mtaalamu akifika kesho kutwa, unasubiri siku 21 nyingine hadi joto lirudi! Mwenye ng'ombe wawili atapata wapi fedha za dume la kisasa?

Halmashauri zetu zitenge fedha za naitrojeni na pikipiki za wahimilishaji katika bajeti ijayo.

Mfugaji,
Rungwe, Mbeya