Risala ya mashabiki wa Liverpool wa Kongwa kwa mgeni rasmi, siku ya kukumbuka ubingwa wa 1947

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Michezo wa Wilaya yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa kikundi,
Viongozi wetu wa kata na kijiji,
Walimu, wazazi, na wachezaji wa timu yetu ya watoto,
Mabibi na mabwana,

Wakubwa zetu shikamooni, na wenzetu habari za mchana. Kwa niaba ya wanachama wote nakukaribisha, Ndugu Mgeni Rasmi, na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu ilhali tunajua una ratiba ndefu.

Sisi ni mashabiki wa Liverpool tunaoishi hapa Kongwa. Tulianza kama watu wa kukaa benchi moja kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, tukawa tunachangiana kwenye misiba na harusi, na miaka michache baadaye tukaanzisha timu ya watoto wa kike na wa kiume. Wamekaa pale mbele wakiwa na jezi nyekundu. Leo tumekuita tukumbuke pamoja msimu wa 1946/47, Liverpool ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza, wakati ambao wengi wetu hapa hata wazazi wetu walikuwa hawajazaliwa. Utaona tunakofika na habari hii.

Ndugu Mgeni Rasmi, vita kuu ya pili ilipoisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda lakini ina njaa. Nyama, siagi, sukari na mayai vilinunuliwa kwa vitabu vya mgao. Mkate haukuwahi kugawiwa kwa mgao vita vikiwa vinapiganwa, lakini Julai 1946, mwaka mzima baada ya amani, nao ukaingia kwenye mgao. Jiji la Liverpool lenyewe lilikuwa limepigwa mabomu vibaya, hasa Mei 1941, kwa sababu ya bandari yake. Ligi ilikuwa imesimama tangu 1939. Wachezaji waliokwenda vitani wakiwa vijana walirudi wakiwa watu wazima. Bob Paisley alisajiliwa 1939, akapelekwa jeshi la mizinga Afrika Kaskazini na Italia, na mechi yake ya kwanza ya ligi ikamsubiri hadi Septemba 1946. Billy Liddell, winga kutoka Uskoti, alikuwa msoma njia kwenye ndege za mabomu.

Katika hali hiyo, kocha George Kay na mwenyekiti Bill McConnell, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa shughuli za chakula, walifanya jambo ambalo sisi tunaliona ndilo lililoleta kombe. Kabla ya msimu kuanza waliichukua timu wakaipeleka Marekani na Kanada. Huko walicheza mechi 10 na kushinda zote, lakini mechi hazikuwa shabaha kubwa. Shabaha ilikuwa nyama, maziwa, mayai na matunda, vitu ambavyo nyumbani havikupatikana kwa kiasi cha kumjenga mchezaji. Wachezaji walirudi wameongezeka uzito. Wapinzani wao walianza msimu na miili ya mgao.

Naomba hapa nisimame kidogo, kwa sababu habari hii inagusa ardhi tunayoikanyaga. Njaa ileile ya mafuta ya kupikia huko Uingereza ndiyo iliyowaleta Kongwa mapema mwaka 1947 watu wa Mpango wa Karanga. Walikuja na matrekta kung'oa mibuyu na vichaka ili walime karanga za kukamulia mafuta ya kula ya Waingereza. Ardhi yetu ikikauka inakuwa ngumu kama sakafu, mvua ni za kubahatisha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Kwa hiyo miezi ileile Liverpool wakipigania ubingwa, hapa Kongwa wazee wetu walikuwa wakitazama mashine zikipita. Pande zote mbili, chanzo kilikuwa sahani tupu ya Mwingereza.

Tukirudi uwanjani. Septemba 7, 1946, Liddell na Paisley walicheza mechi yao ya kwanza ya ligi, nyumbani Anfield dhidi ya Chelsea. Liverpool ilishinda 7-4. Siku nne baadaye ilikwenda kwa Manchester United ikapigwa 5-0, na kocha wa United alikuwa Matt Busby, ambaye kabla ya vita alikuwa nahodha wa Liverpool. Shabiki wa leo angeandika mitandaoni kwamba timu imekwisha. George Kay alipanda kwenda Newcastle kumtafuta mshambuliaji Albert Stubbins. Everton nao walikuwa wamefika kwa kazi hiyohiyo. Stubbins akarusha sarafu ili ajue azungumze na nani kwanza, ikaangukia Liverpool, wakakubaliana kwa zaidi ya pauni 12,000. Jumamosi iliyofuata akafunga ugenini kwa Bolton.

Pembeni yake alikuwepo Jack Balmer, mzaliwa wa jiji hilohilo, ambaye mashabiki wa nyumbani walikuwa na tabia ya kumzomea kwa kuwa hakupenda mchezo wa kugongana. Novemba 1946 alifunga mabao matatu dhidi ya Portsmouth, wiki iliyofuata manne dhidi ya Derby County, wiki iliyofuata tena matatu dhidi ya Arsenal. Mabao 10 katika mechi 3. Tunapenda wazazi mnaosimama kando ya uwanja wetu mlikumbuke jina hilo, Balmer, kila mnapotaka kumzomea mtoto. Msimu ulipoisha, yeye na Stubbins kila mmoja alikuwa na mabao 24 ya ligi.

Kisha ikaja baridi ya 1947, kali kuliko zote ambazo watu wengi walikuwa wamewahi kuziona. Theluji ilifunika nchi, makaa ya mawe yakawa adimu, umeme ukakatwa, na serikali ikakataza mechi za katikati ya wiki ili watu wasiache kazi viwandani. Mechi ziliahirishwa hadi ligi ikasogezwa mpaka Juni. Katika robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Birmingham, Stubbins alijirusha kwa kichwa juu ya uwanja ulioganda kama jiwe akafunga, akainuka magoti yakivuja damu. Kombe hilo hawakulipata, Burnley waliwatoa nusu fainali kwenye marudiano.

Mei 31, jua kali, Liverpool walikwenda Wolverhampton kwa mechi yao ya mwisho. Wenyeji wao, Wolves, walikuwa na pointi 56 na wakishinda tu ni mabingwa. Liverpool walikuwa na 55, na wakati huo ushindi ulikuwa na pointi mbili. Balmer alifunga la kwanza. La pili, Stubbins aliachiwa pasi ndefu akakimbia nayo, na beki Stan Cullis, aliyekuwa akicheza mechi ya mwisho ya maisha yake ya soka, alikuwa karibu vya kutosha kumvuta jezi. Hakumvuta. Hakutaka ubingwa uamuliwe kwa namna hiyo, na katika risala ya mashabiki wa Liverpool tunaona ni haki jina la mpinzani huyu lisomwe kwa heshima. Mechi iliisha 2-1.

Hata hivyo kombe halikuwa lao bado. Stoke City walikuwa na kiporo kimoja, yaani mechi iliyobaki bila kuchezwa, ugenini kwa Sheffield United, na wakishinda ni wao. Kiporo hicho kilipangwa Juni 14. Wiki mbili za kusubiri! Na Stoke walikuwa wamefanya jambo ambalo sisi hatujalielewa hadi leo: msimu ukiwa ukingoni walimuuza Stanley Matthews, winga bora wa Uingereza, kwa Blackpool. Siku ilipofika, Liverpool walikuwa Anfield wakicheza na Everton fainali ya kombe la mkoa. Mechi ikielekea mwisho, vipaza sauti vikatangaza kwamba Stoke wamefungwa 2-1. Watu hawakutazama tena mpira uliokuwa mbele yao. Pointi 57 dhidi ya 56 za Manchester United na Wolves, ubingwa wa kwanza tangu 1923.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa nifike kwenye kilichotufanya tukuite.

Timu yetu ya watoto inafanya mazoezi saa kumi na nusu jioni. Mwezi wa pili mwaka huu, katikati ya mazoezi, binti mmoja anayecheza winga wa kushoto alikaa chini kwenye mstari. Mwalimu wa timu akadhani ameumia kifundo, akapiga magoti amvue kiatu. Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Mguu hauumi, mwalimu. Sijala tangu jana jioni." Tulipouliza wengine taratibu, mmoja mmoja, tuligundua kwamba katika watoto 34 zaidi ya nusu wanakuja uwanjani bila kula mchana. Na sisi tulikuwa tukiwafokea kwamba wavivu kipindi cha pili.

Tangu siku hiyo wanachama tumeacha kuchanga fedha za jezi mpya. Tunapika uji wa mahindi na karanga zilizosagwa, karanga za hapahapa Kongwa zinazolimwa kwa jembe la mkono, na kila mtoto anapata kikombe kimoja kabla ya mazoezi. Kina mama watatu wa kikundi wanapokezana jikoni. Tunaweza siku mbili kwa wiki. Siku ya tatu fedha inakwisha, na siku hiyo tunaiona waziwazi kwenye miguu ya watoto.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba ofisi yako itusaidie kupata sufuria mbili kubwa, kuni au jiko banifu, na magunia ya unga na karanga ya kutufikisha mwisho wa muhula. Tunaomba pia utuunganishe na walimu wakuu wa shule wanakosoma watoto hawa, tuone kama uji unaweza kupikwa shuleni, wanufaike na wasiocheza mpira. Mipira tunayo minne, inatosha.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Baada ya risala hii watoto watacheza dakika 40, na kabla ya hapo uji uko tayari pale chini ya mbuyu. Tunakuomba unywe nao kikombe.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa kikundi